Kununua hisa kwa thamani yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ninayoulizwa na ndugu, wafanyakazi wenzangu na watu tunaokutana nao kwenye mikutano ya wanahisa. Nayajibu nikiwa mwekezaji mdogo wa Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), mwenye jicho moja Nairobi. Swali likigusa lingine, nimekuelekeza huko.

## Mwanzo kabisa

1. Kuwekeza kwa kuangalia thamani maana yake nini?

Chukua mashine ya kusaga nafaka pale mtaani kwenu. Baada ya umeme, mshahara wa kijana na matengenezo, kwa mwaka inamwachia mwenyewe shilingi milioni 3. Akikuuzia kwa milioni 9, utapiga hesabu, utauliza umri wa mota, utachungulia kama kuna mashine nyingine inafunguliwa mtaa wa pili. Akitaka milioni 60 utamwambia asante ukaendelea na safari yako.

Hisa ni kipande cha mashine kama hiyo. Anayewekeza kwa thamani hukadiria kwanza biashara nzima ina thamani gani, akagawa kwa idadi ya hisa, ndipo akaitazama bei ya sokoni. Bei ikiwa chini sana ya thamani, ananunua. Ikiwa juu, anasubiri au anaondoka. Aliyeifundisha njia hii kwa mpangilio ni Benjamin Graham, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na mwanafunzi wake anayejulikana kuliko wote ni Warren Buffett, mwekezaji tajiri wa Marekani.

2. Si ni sawa tu na kununua bei ikiwa chini na kuuza ikiwa juu?

Hapana, na watu wengi hupotelea hapa. Chini kuliko nini? Anayesema "imeshuka, nunua" anailinganisha bei ya leo na bei ya jana. Tunayozungumzia hapa ni kulinganisha bei na biashara yenyewe. Hisa inaweza kushuka nusu nzima na bado ikawa ghali, kwa sababu kampuni imeoza kuliko bei ilivyoshuka. Soma pia swali la 14.

3. Nahitaji nini ili nianze?

Kitambulisho, akaunti ya benki au namba ya simu ya malipo, na akaunti ya kuhifadhi hisa inayofunguliwa na dalali aliyepewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kwa DSE unaweza pia kununua kupitia programu ya simu ya Hisa Kiganjani. Kiasi cha kuanzia si kikwazo. Kikwazo ni kuanza na fedha usiyoweza kuiacha. Ada ya mtoto ya Januari isiingie sokoni Novemba.

4. Kwa nini nisinunue hatifungani za serikali (mikopo tunayoipa serikali kwa riba) nikalala usingizi?

Swali zuri kuliko yote kwenye ukurasa huu, na natamani kila anayenunua hisa alijibu kabla hajampigia dalali simu.

Hatifungani ya serikali ya Tanzania ya miaka 25 ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka uliofuata riba ya zile mpya ikashushwa hadi asilimia 12.56. Kenya, Februari 2024, hatifungani ya miundombinu ilitoka na riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Vitabu vya uwekezaji vilivyoandikwa Marekani vimezoea riba za asilimia 3 au 4. Ukivifuata bila kubadilisha kipimo, utanunua hisa zetu kwa bei isiyo na maana.

Hesabu yangu ni hii. Gawanya faida kwa kila hisa kwa bei ya hisa. Hisa ya shilingi 1,000 yenye faida ya 80 inakuzalishia asilimia 8. Tuseme serikali inakupa 12 bila jasho, na riba ya hatifungani za muda mrefu haikatwi kodi, wakati gawio (sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa) la kampuni iliyoorodheshwa DSE linakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Ili ukubali hiyo 8 lazima uwe na sababu thabiti ya kuamini faida itakua. Sababu zipo: riba ya hatifungani haipandi mfumuko wa bei ukipanda, na kampuni nzuri hupandisha bei za bidhaa zake. Lakini itaje sababu yako kwa maandishi. Usipoipata, nunua hatifungani, hakuna aibu yoyote.

## Kukadiria thamani

5. Mimi si mhasibu. Nisome nini kwenye ripoti ya mwaka?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la kampuni uliyonunua ni ripoti ya mwaka. Mimi naanzia nyuma. Kwanza maoni ya mkaguzi: akiandika kwamba ana shaka kama kampuni itaendelea kujiendesha, naifunga hapo hapo. Kisha maelezo ya mahesabu kuhusu mikopo, kesi mahakamani, na biashara kati ya kampuni na wakurugenzi wake au kampuni mama. Mambo mazito hufichwa huko, kwa herufi ndogo.

Halafu naweka faida pembeni ya taarifa ya mtiririko wa fedha. Kampuni inayoandika faida kila mwaka lakini fedha haziingii mara nyingi inauza kwa mkopo kwa watu wasiolipa. Barua ya mwenyekiti, ile yenye picha nzuri, naisoma mwisho kabisa.

Chukua miaka mitano, usichukue mmoja. Mwaka mmoja huweza kupambwa na kiwanja kilichouzwa.

6. Nionyesheni mfano halisi, wenye namba.

Benki ya CRDB iliingia DSE mwaka 2009, hisa zikiwa zimeuzwa kwa umma kwa shilingi 150. Miaka kumi baadaye, mwishoni mwa 2019, hisa hiyo hiyo ilikuwa chini ya shilingi 100. Mtu aliyeitunza muongo mzima alikuwa na hasara mkononi ukiacha magawio, na maneno yaliyokuwa yakisemwa juu yake kwenye vijiwe hayakuwa mazuri.

Sasa fungua daftari. Benki ilikuwa na hisa takriban bilioni 2.61. Faida baada ya kodi, iliyokuwa imeporomoka hadi karibu shilingi bilioni 36 mwaka 2017 kwa sababu ya mikopo chechefu (isiyolipwa kwa wakati), ilifika takriban bilioni 120 mwaka 2019. Gawanya: shilingi 46 kwa kila hisa. Kwa bei ya 95, ulikuwa unalipa faida ya miaka miwili tu ukapewa benki yenye matawi nchi nzima. Mtaji wa wanahisa (mali zote ukitoa madeni) ulikuwa zaidi ya shilingi 300 kwa hisa. Gawio la mwaka huo lilikuwa shilingi 17, yaani karibu asilimia 18 ya bei kabla ya kodi. Gawio peke yake lilishindana na hatifungani.

Baadaye gawio la mwaka 2022 likawa shilingi 45, karibu nusu ya bei ile ya 2019.

Nisiwadanganye: ni rahisi kuuona mfano huu baada ya mambo kutokea. Waliouza kwa 100 hawakuwa wajinga. Mikopo chechefu ilikuwa ya kweli, na hakuna aliyejua kwa hakika kwamba yote ilikuwa imeshatajwa. Lakini bei ile ilikuwa imeshahesabia mabaya karibu yote. Hata faida ingerudi nusu, bado ungekuwa umelipa faida ya miaka minne tu. Hiyo ndiyo maana ya swali la 8.

7. Hisa ya shilingi 200 si rahisi kuliko ya shilingi 10,000?

Haiwi rahisi kwa sababu ya tarakimu. Keki ile ile ukiikata vipande elfu, kila kipande kitakuwa kidogo. Linganisha bei na faida, na bei na mtaji, kwa kila hisa. Ya shilingi 10,000 yenye faida ya 2,000 ni nafuu kuliko ya 200 yenye faida ya 5.

8. Nafasi ya usalama ni nini, na iwe kiasi gani?

Ni pengo unaloacha kati ya thamani uliyokadiria na bei unayokubali kulipa, kwa sababu makadirio yako yana makosa hata kama huyaoni. Ukikadiria hisa ina thamani ya 600, usinunue kwa 580.

Kwa kampuni ninayoielewa, yenye madeni madogo, mimi nataka punguzo la theluthi. Kwa benki, au kampuni inayotegemea leseni ya serikali au mteja mmoja, nataka nusu. Sizioni mara nyingi. Kuna miaka nimenunua mara moja tu, na mwaka mmoja sikununua kabisa, nikaiacha fedha kwenye mfuko wa pamoja nikisubiri.

9. Gawio kubwa ni dalili ya hisa nzuri?

Ni dalili ya kuuliza swali la pili: limetoka wapi? Ligawanye kwa faida. Kampuni inayogawa shilingi 40 kati ya 100 inajilipia ukuaji wake. Inayogawa 110 kati ya 100 inakula mbegu. Angalia pia kama gawio lilitokana na mauzo ya mara moja, kwa mfano jengo au kampuni tanzu. La namna hiyo halitarudi mwakani, na bei inayopanda kwa ajili yake itarudi ilikotoka.

10. Mbona benki zina hesabu zake?

Kwa sababu bidhaa ya benki ni mkopo, na mkopo mbaya hauonekani siku unapotolewa. Faida ya mwaka huu inaweza kuwa mikopo chechefu ya mwaka wa tatu. Kwa benki tazama mambo matatu: uwiano wa mikopo chechefu (Benki Kuu ya Tanzania inataka usizidi asilimia 5), mtaji ukilinganishwa na kiwango cha chini cha kisheria, na gharama za uendeshaji kwa kila shilingi 100 ya mapato. Benki inayotumia 70 kupata 100 haina pa kupumulia mwaka ukiwa mbaya.

## Kununua, kukaa nazo, kuuza

11. Bei ya hisa zangu haijasogea miaka. Imekufa?

Hili ni la DSE hasa. TBL, kampuni ya bia, ilikaa kwenye shilingi 10,900 na TCC, ya sigara, kwenye 17,000 kwa miaka, huku biashara ya bia na sigara ikiendelea kila siku. Wamiliki wakubwa hawauzi, wadogo ni wachache, na siku hupita bila hisa hata moja kubadilisha mkono. Bei unayoiona ni ya mauzo ya mwisho. Haikuambii utapata mnunuzi leo.

Kwa hiyo, mosi, usitumie bei iliyoganda kama ushahidi kwamba mali yako ni salama. Pili, kabla ya kununua muulize dalali hisa ngapi zimeuzwa miezi mitatu iliyopita, na foleni ya wauzaji ina urefu gani. Tatu, ukinunua hisa isiyouzika, iwe ni kwa bei ambayo gawio peke yake litakuridhisha.

Kuna faida pia, na siisemi kwa kujifariji. Soko la namna hii halina wachambuzi wengi. Mtu mwenye subira na daftari anaweza kukuta bei ambazo New York zisingedumu hata wiki.

12. Nimenunua, bei imeshuka. Niuze?

Rudi kwenye karatasi uliyoandika siku ya kununua (ndiyo maana nasisitiza uandike). Kilichobadilika ni bei, au ni biashara?

Safaricom ilivuka shilingi 40 za Kenya mwaka 2021, na mwaka 2023 ikawa chini ya 15. Bei ilipoteza karibu theluthi mbili. Faida je? Ilipungua, kwa sababu ya gharama za kuanza Ethiopia, lakini haikukaribia kupungua kiasi hicho. Wawekezaji wa nje walikuwa wanauza wakitafuta dola, na riba za hatifungani zilikuwa zinapanda, kwa hiyo kila hisa ilionekana ghali (swali la 4). Aliyenunua kwa 40 alilipa kupita kiasi, kampuni ikiwa nzuri. Aliyeuza kwa 13 kwa hofu aliuza kampuni ile ile. Somo hili ni chungu: kampuni bora kwa bei mbaya ni uwekezaji mbaya.

13. Niuze lini basi?

Kwa sababu tatu tu: nilikosea kuhusu biashara, bei imepita thamani kwa mbali, au nimepata kilicho nafuu zaidi na fedha ni hizo hizo. Kumbuka ada hukatwa ukinunua na ukiuza, kwa hiyo kuingia na kutoka kila mwezi ni kumfanyia kazi dalali. "Imeshanipa faida ya kutosha" si sababu. Hisa haijui wewe ulinunua kwa shilingi ngapi.

14. Mtego wa bei nafuu ni nini?

Ni hisa inayoonekana rahisi kwa namba za jana wakati kesho yake imekwisha. Mumias Sugar, kampuni ya sukari, ilikuwa fahari ya soko la hisa la Nairobi, na maelfu ya Wakenya wa kawaida waliinunua. Kadiri ilivyoshuka, watu waliongeza, wakitazama viwanda na mashamba yaliyokuwa kwenye mizania (orodha ya mali na madeni ya kampuni). Lakini miwa ilipungua, madeni yakapanda, na mwaka 2019 ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa na mkopeshaji asiyelipwa. Wanahisa wa kawaida wako mwisho wa mstari. Hulipwa baada ya benki, kodi, wafanyakazi na wakulima.

Naukagua mtego kwa maswali mawili. Deni la kampuni linaweza kulipwa kwa faida ya miaka mingapi? Na mteja wake anaondoka kwenda wapi? Kama jibu la kwanza ni zaidi ya mitano na la pili ni "kwa mshindani mwenye bei ya chini", kiwanda kilichoandikwa bilioni nyingi vitabuni ni vyuma chakavu.

Mimi niliwahi kuingia mtego wa aina hii. Mjomba alikuwa na uhakika, mimi sikusoma ripoti, nikauziwa mbuzi kwenye gunia kwa fedha za msingi wa nyumba. Msingi ulichelewa miaka miwili.

15. Ninunue hisa zinapotolewa mara ya kwanza kwa umma?

Anayeuza ndiye anayechagua siku, na hachagui siku ambayo bei ni mbaya kwake. Safaricom iliuzwa mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, watu wakakopa benki wakiamini itaruka siku ya kwanza. Ndani ya mwaka ilikuwa chini ya 3. Waliokopa waliuza kwa hasara wakalipa na riba. Waliokuwa na fedha zao wenyewe walingoja, na kwa kungoja walipata mtaji wao mara kadhaa. Kampuni moja, bei moja, tofauti ilikuwa deni.

Soma waraka wa matarajio (unaoieleza kampuni na hisa inazouza), fanya hesabu ya swali la 6, na usipoona punguzo subiri. Hisa zitakuwepo sokoni miezi sita baadaye.

16. Kampuni ngapi zinatosha?

Kwa masoko yetu, tano hadi nane unazozifahamu, zisiwe benki zote.

## Maswali yasiyo ya kila siku

17. Kampuni yangu imetoa hisa stahiki (hisa mpya wanazouziwa kwanza wanahisa waliopo). Ninunue?

Uliza fedha zinaenda wapi. Zikienda kujenga kitu chenye faida kuliko hatifungani, na bei ina punguzo, shiriki. Zikienda kuziba shimo la hasara, fikiria kama ungeinunua kampuni hii leo ukiwa mgeni. Usipofanya lolote sehemu yako inapungua, kwa hiyo hata kukaa kimya ni uamuzi.

18. Je, hisa ni halali?

Ndugu zangu wa Pwani na Visiwani huuliza hili, na fatwa muombeni mwanachuoni wenu. Ninachoweza kusema ni namna hesabu inavyobadilika. Wengi hawagusi benki za riba, bia na sigara, na hilo huondoa sehemu kubwa ya DSE. Zinabaki saruji, gesi za viwandani, huduma za viwanja vya ndege na chache nyingine. Kipimo cha AAOIFI, taasisi ya viwango vya fedha za Kiislamu, kinachotumika sana kinataka mikopo ya riba ya kampuni isizidi asilimia 30 ya thamani yake sokoni. Uwanja ukiwa mwembamba hivi, usilegeze bei kwa sababu chaguo ni chache. Na kipimo cha swali la 4 hapo hakitakuwa hatifungani ya riba. Weka sukuk (dhamana ya Kiislamu isiyo ya riba) au faida ya biashara yako ya kawaida.

19. Mzee amefariki, tumekuta vyeti vya hisa sandukuni. Tufanyeje?

Poleni. Vyeti vya zamani bado ni mali, na magawio yasiyochukuliwa huwa yamejikusanya. Kikao cha ukoo kimpendekeze msimamizi wa mirathi, mahakama imthibitishe, kisha apeleke barua ya uteuzi, cheti cha kifo na vyeti vya hisa kwa dalali au kwa msajili wa hisa. Asitokee mtu wa kati anayetaka asilimia ili "kuharakisha".

Hisa zikishahamia kwa warithi, kila mmoja ajiulize: kama ningepewa fedha taslimu kiasi hiki, ningenunua kampuni hii? Heshima kwa marehemu haihitaji mshikilie hisa zinazooza. Wala msiziuze haraka ili mgawane kwa urahisi, kama namba zake ni nzuri.

20. Naishi Muscat, Toronto au London. Inanifaa?

Inafaa kama fedha utazitumia nyumbani. Ikiwa kodi yako ya pango unalipa kwa dola, hesabu zako ziwe kwa dola, maana faida ya shilingi huweza kuliwa na kushuka kwa shilingi. Ongeza nafasi ya usalama kwa ajili hiyo. Na akaunti iwe kwa jina lako mwenyewe. Nimeshuhudia udugu ukivunjika kwa hisa zilizoandikwa jina la kaka "kwa muda tu".

21. Dalali wangu anasema ninunue leo kabla bei haijapanda. Nimwamini?

Muombe akutumie ripoti za miaka mitano na idadi ya hisa zilizouzwa mwezi huu. Akizituma, soma usiku, mjibu kesho.